Koti la Cephas pale Njia Panda

Suna Migori,
14 Februari 1965

Kwa mjukuu wangu Cephas,

Pokea salamu kwanza, matusi yako nyuma yanakuja. Sisi hapa ni wazima. Magoti yangu yanapiga kelele mvua ikikaribia, lakini mdomo bado una nguvu, utaona. Wewe je? Kifua kikoje? Hiyo pamba unayoivuta puani huko kiwandani isije ikakugeuza godoro.

Usiulize nani amekuandikia barua hii. Ni mimi bibi yako, kwa mkono wangu! Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha kwa Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili. Kiluo nimekiweka, nitakugombeza nacho ukifika.

Sasa sikia. Njia panda yetu imekuwa mji! Watu wa kansili walikuja na kamba na vigingi vyeupe, wakapima toka daraja la mto mpaka kwa Onyancha mhunzi. Watu waliwafuata nyuma kama harusi. Tumepewa ploti tatu, zimefuatana kama meno. Ya kwanza, ile ya pembeni kabisa ambapo njia ya Kisii, ya Tanganyika na ya mgodini zinakutana, ni yako, kwa sababu wewe ndiwe mkubwa. Ya pili ni ya Walter. Ya tatu ni ya Dishon. Na unajua kigingi chako wamekipiga wapi? Kando ya mafiga yangu!

Wewe ulizaliwa ukakuta maduka, ukadhani yaliota yenyewe. Mimi nilifika hapa barabara ikiwa bado kidonda chekundu, wanaume wanaipiga sururu na hakuna pa kununua hata chumvi. Nikaweka mawe matatu, nikapika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, wakala. Wachimba dhahabu wakasikia, wakaja kula. Madereva wa malori wakaja. Halafu siku moja Mhindi akashuka na marobota ya nguo, akaniuliza, "Mama, watu husimama wapi hapa?" Nikamwambia, "Husimama penye chakula, kwani wewe husimama wapi?" Akajenga ng'ambo yangu. Mnubi akaleta cherehani. Onyancha akaja na mivukuto toka Kisii, akaanza kufua majembe. Wakuria wakaleta ng'ombe, na huyo Mirumbe hajaondoka tena. Leo tuna kinu cha posho, gereji, stoo ya pamba, na kelele ya kutosha kufukuza viboko mtoni. Mji huu ulitoka kwenye chungu changu. Andika hapo.

Lakini kuna sharti. Mvua za masika zikiisha, mkaguzi wa kansili anapita. Ploti isiyo na nyumba, au yenye nyumba isiyo na mtu anayelala ndani, anapewa mwingine. Walter ameshakata nguzo. Dishon amenunua milango miwili, analala juu yake isiibiwe. Na hakuna hata mmoja anayegusa jembe! Wataanzaje, kaka yao mkubwa hajajenga? Mdogo akimruka mkubwa, ni chira, laana ya mila, watakonda mpaka waishe. Hilo wewe unalijua, ulinyonya nalo.

Njoo upige nguzo yako. Moja tu. Kisha rudi kwenye pamba yako kama unaipenda hivyo.

Ni mimi,
Dani yako, Rael nyar Kanyamwa


Homa Bay,
2 Machi 1965

Mpendwa Dani,

Nakusalimu mara nyingi kama punje za mtama. Mimi ni mzima, kifua ni kizima, na sijawa godoro. Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu wa zamu. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza ni mashine gani imeharibika. Mwandiko wako unapanda mlima, Dani, lakini unafika.

Nina habari itakayokurusha kutoka kwenye kigoda. Kiwanda kinaletewa injini mpya. Ile ya zamani, ambayo nimeilisha mafuta na kuifuta jasho toka nilipoajiriwa, meneja amesema huenda akanipa! Yangu mwenyewe! Dani, piga picha: injini pale njia panda, inasaga mahindi, inakamua alizeti, inapasua mbao. Kile kinu cha posho cha sasa kitaonekana panzi.

Tatizo ni neno "huenda". Meneja leo anasema ndiyo, kesho anasema ngoja. Nikiondoka hata wiki moja, kuna fundi mwingine anaitolea macho. Na msimu wa pamba umepamba moto, hakuna ruhusa.

Kwa hiyo waambie Walter na Dishon waanze. Dani, ile ni ploti ya mji. Si dala, boma la ukoo. Boma letu lina lango na lina mpangilio wake, mkubwa hapa na mdogo pale, sawa. Lakini kwenye ploti hakuna lango, kuna kigingi cha serikali. Serikali haijui chira.

Wasalimie wote, na Mirumbe.

Mjukuu wako,
Cephas


Suna Migori,
20 Machi 1965

Wewe Cephas,

Habari ya huko. Mimi mzima, kama bado unajali.

Ati serikali haijui chira! Serikali haijui chira, lakini chira inaijua serikali, na inajua inakolala. Niliwasomea ndugu zako barua yako. Walter akaenda kukaa juu ya nguzo zake. Dishon akasema, "Dani, kaka ni msomi, lakini tumbo litakalovimba ni langu." Basi. Maneno yako yameishia hapo.

Injini nimeisikia. Nilifurahi, sikatai, nilipiga kigelegele kimoja, Mokeira wa ndizi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Lakini injini bila nyumba itanyeshewa kama punda. Utaiweka wapi, kichwani pangu?

Huku mji unakwenda mbio, wewe! Upande wa Mhindi mabati yanang'aa mpaka kuku wanapotea njia. Malori yanatoka Tarime, yanatoka Kisii, na madereva bado wanauliza, "Kwa Dani ni wapi?" Upande wetu nyasi tu. Jana Mirumbe alisimama hapo na fimbo yake, akasema, "Mama Rael, hii nafasi ni nzuri sana kwa ng'ombe wangu." Nikamwambia, "Ng'ombe wako walale kitandani kwako." Akacheka, "Mimi nangoja tu. Wajaluo wanapangana nani aanze, sisi Wakuria tunapanga mabati." Cephas, aliandikisha jina! Ploti zetu zikianguka, ni yeye anaokota. Mkaguzi alimwambia hivyo mbele yangu.

Nimefikiri sana, nimepata njia. Kama mwili wako haufiki, mkono wako ufike. Kata nguzo wewe mwenyewe, kwa shoka, mkono wako utoke jasho. Mpe dereva wa lori la pamba. Tuma na nguo yako moja ya kazini ili watu wajue nguzo ni ya nani. Sisi tutaipiga, itakuwa wewe umeanza. Umesikia? Nguzo kwanza. Nguo ni ya kusindikiza tu.

Dani yako,
Rael


Homa Bay,
11 Aprili 1965

Mpendwa Dani,

Natumaini magoti yametulia. Naandika mbio, lori linaunguruma. Koti langu la kazi hili hapa, lina mafuta ya injini mgongoni, usilifue. Nguzo sikupata, Dani, miti ya karibu na kiwanda yote ni ya kanisa. Litundike koti kwenye mti wowote, ni sawa tu.

Meneja bado anasema "huenda". Kesho napanda mashua kwenda Kisegi kupokea pamba ya huko, nitakaa kidogo. Nikirudi nambana anipe jibu.

Mjukuu wako,
Cephas


Suna Migori,
2 Mei 1965

Cephas,

Salamu baadaye. UKIAMBIWA UMEKUFA, USIKUBALI.

Keti nikueleze, na haya yote ni makosa yako. Koti lilifika, nguzo hakuna. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Tungefanyaje? Walter alikata mti, tukaupiga kwenye ploti yako, tukajenga kibanda kidogo cha nyasi, koti lako tukalitundika mlangoni. Nikawasha moto kwenye mafiga yangu. Halafu, Cephas, ungeona! Dishon alishika jembe kabla moshi haujapanda. Mokeira alileta wanawake wa sokoni wote, Waluo, Wakisii, Wakuria, kila mmoja akiimba kwa lugha yake, wanakandika udongo mpaka nywele hazionekani. Onyancha alitoa misumari. Mhindi alitoa soda. Hata Mirumbe alisimama, akasema, "Loo! Kumbe mnaweza." Kwa siku chache tu nyumba mbili zimesimama, mabati juu. Mimi nilicheza. Na haya magoti!

Sasa shangazi yako Benta akashuka na makapu yake ya samaki kutoka huko Homa Bay. Akaona nyumba ya Walter. Akaona nyumba ya Dishon. Halafu akaona kibanda kitupu, hakuna kitanda, koti la mkubwa linaning'inia mlangoni. Wewe ni Mjaluo, wewe mwenyewe sema: hicho kibanda hujengewa nani? Hujengewa kaka aliyekufa bila kujenga, ili wadogo wapate kupita! Benta hakuuliza. Alitupa kapu, akashika kichwa, "Uwiii, Cephas! Wamenificha! Cephas wa ndugu yangu!" Mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi nikakuta omena barabarani, kunguru wanakula, na Benta amekwisha kupanda lori lile lile kurudi Homa Bay. Wanasema alilia hadi Rongo bila kumeza mate.

Namjua huyo. Atakwenda moja kwa moja kiwandani. Ndiyo maana nampa dereva barua hii akimbie. Simama mbele ya watu, kohoa, wakuone. Nilikwambia nguzo kwanza!

Dani yako,
ambaye hajafiwa na mtu


Suna Migori,
10 Mei 1965

Mpendwa Dani,

Nakusalimu nikiwa nje ya lango lako, na wewe hupo! Uko mzima? Hujaanguka? Barua hii nampa dereva wa pamba, amesema atakutafuta kwa shangazi Benta.

Nilirudi kutoka Kisegi juzi. Nilipoingia kwenye geti la kiwanda, bawabu aliacha rungu lake akakimbia. Ndani, mashine zote kimya. Wenzangu wamefunga vitambaa vyeusi mkononi. Nikasema, "Jamani, nani amefariki?" Mmoja akajibu, macho yamemtoka, "Wewe." Barua yako ilikuwa imekaa ofisini, imefungwa, maana nani angefungua barua ya marehemu?

Na injini haipo! Meneja aliposikia kilio cha shangazi alijuta, akasema, "Kijana nilimzungusha mpaka akafa." Akaamuru ipakiwe kwenye lori, ipelekwe kwenu kama rambirambi. Dani, nilisimama nikiwa sijui nicheke au nilie. Nikiwa hai, huenda. Nimekufa, imepakiwa!

Nikadandia gari la kwanza lililokuja huku. Karibu na Rongo tukapishana na lori la kiwanda, linarudi, na injini yangu bado iko juu. Na juu ya injini ameketi bibi, amejifunga kanga kichwani, kama chifu anayekagua lokesheni. Nikapiga kelele, "Dani! Dani!" Vumbi likanijaza mdomo.

Walter amenieleza yote. Lori lilipofika mji mzima ulitoka. Wanaume wakaandaa magogo ya kuishushia, wewe ukasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. "Hakuna anayegusa! Huu ni msiba wa mtu aliye hai. Nikiupokea nimemzika." Dishon alikusihi. Walter alikusihi. Mokeira akasema, "Mama, ishuke kwanza, maneno baadaye." Ukamwambia, "Wewe shusha ndizi zako." Ukapanda, ukamwamuru dereva ageuze.

Dani, sikulaumu. Lakini mimi sasa niko kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Nilipofika bomani kwetu, ndugu zangu wenyewe walinizuia langoni. "Umekwisha kuliliwa," Dishon akasema, "huwezi kupita hapa mpaka Dani aje." Hawataki hata kunipa mkono. Wananisukumia chakula kwa ufito! Mkaguzi anapita wiki hii, na Mirumbe ameshaleta kamba ya kufungia ng'ombe. Nifanye nini? Nikufuate huko? Na injini, ndiyo basi?

Mjukuu wako aliye hai,
Cephas


Homa Bay,
12 Mei 1965

Kwa mjukuu wangu Cephas, maiti anayeandika barua,

Habari za kuzimu? Mimi ni mzima, nimelala kwa Benta, nimekula samaki, ngege mzima, peke yangu. Huyo shangazi yako ana aibu, hanitazami usoni. Nimemwambia akitaka kulia tena aulize kwanza.

Usinifuate. Narudia: usinifuate! Hatutapishana barabarani kama wendawazimu mpaka mkaguzi apite.

Nilikwenda kiwandani. Bawabu akasema, "Bibi, leo hapapitwi." Nikamwambia, "Mimi ndiye mwenye msiba, na nimeurudisha." Akafungua. Meneja akatoka na kofia mkononi, uso umeanguka, akaanza, "Mama, pole sana kwa..."

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

"Mjukuu wako, Mama."

"Hajafa. Ni mkaidi tu."

Akatazama watu wake. Wakasema kwa pamoja, "Ni kweli, bwana, alipita hapa juzi, tulimkimbia." Nikamweleza yote, ploti, koti, kibanda, Benta. Cephas, yule mtu alianza kucheka polepole, halafu akakaa kwenye robota la pamba, halafu akalala juu yake. Nikangoja amalize. Nikamwambia, "Injini yako iko nje. Ulimpa maiti. Maiti hana mdomo wa kukushukuru. Kama ulikuwa na nia ya kumpa, mpe akiwa anaweza kusema asante. Kama hukuwa na nia, ishushe, mimi niende, nina chungu jikoni."

Akainuka, akakaa kitako. Wafanyakazi wote wamesimama, hata paka wa stoo. Akauliza, "Mama, ulibeba kitu hiki mpaka kwako, ukakirudisha mwenyewe?"

"Kwani ulitaka kijirudishe?"

Akasimama, akajikung'uta pamba. Akasema, "Basi nampa Cephas aliye hai. Na kila msimu ukianza aje wiki moja atufungie mikanda ya injini mpya, hakuna anayeijua kama yeye." Cephas, kiwanda kilipiga kelele! Walivua vile vitambaa vyeusi, wakafungia injini isiyumbe barabarani. Haikushuka hata inchi moja. Barua hii inatangulia na lori la jioni hii; sisi tunaondoka kesho alfajiri, mimi juu yake.

Sasa habari ya lango. Ndugu zako wamefanya vizuri, wabarikiwe, hata huo ufito. Aliyeliliwa haingii kwa lango mpaka nifike nitengeneze mambo na mzee wa ukoo. Kwa hiyo hutalala bomani, umesikia? Uliniandikia kwa kiburi, ati ploti haina lango. Haya! Kwa mara moja umesema neno. Lala huko kibandani. Leo, na kesho, na mkaguzi akija akukute umelala, mdomo wazi, unakoroma kama lori la Tarime. Ndiyo sheria yao, mtu awe ndani. Mtu ndiye wewe.

Lakini kabla ya kulala, shika shoka. Usimpe Walter. Nenda mtoni ukate nguzo wewe mwenyewe, ng'oa ule mti wao, piga wako mahali pale pale. Chukua moto kwenye mafiga yangu, si kwa jirani. Mwite Mokeira aone, mwite Onyancha, mwite Mhindi atoke dukani. Mirumbe mwambie ile kamba asiitupe, na alete na maksai wake wanne, tutashushia injini. Atalalamika, halafu atakuja, namjua, atataka kusema yeye ndiye aliyeishusha.

Na lile koti, toa mlangoni. Livae. Pita nalo sokoni toka daraja mpaka kwa mhunzi, katikati ya barabara, na mafuta yake mgongoni, watu wakutazame mpaka wachoke. Mimi nikifika pale njia panda, hapo juu ya injini, sitaki kuona kibanda cha maiti, sitaki kuona mtu analia.

Nataka kuona koti linatembea.

Dani yako,
Rael nyar Kanyamwa